Lile ganda zuri kwenye kabati la shosho lilikuwa la muuaji

Kwa shosho wangu, Murang'a, kuna kabati la sebuleni la vioo. Mnalijua aina hiyo. Juu televisheni imefunikwa kitambaa cha kufuma, chini kuna vikombe ambavyo hakuna mgeni amewahi kustahili kunywea, na katikati kuna vitu ambavyo babu alitoka navyo Mombasa: jahazi dogo la mbao, kifuu kilichochongwa, na maganda matano ya baharini. Babu alifanya kazi bandarini miaka mingi na kila Desemba alikuwa akipanda nyumbani na kitu mkononi. Sisi wajukuu tuligombania ganda moja tu. Refu kama kidole cha kati, rangi ya manjano na kahawia, limejaa pembetatu ndogo nyeupe kama mtu alikaa chini akazichora moja moja. Tulikuwa tunaliweka sikioni kusikia bahari. Mlango wake ni mwembamba, hakuna bahari inayopita hapo, lakini hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kusema hasikii kitu.

Desemba iliyopita nikalipiga picha nikaipost. Mtu mmoja akanijibu, "Unajua hiyo kitu huua?" Nikadhani ni zile mambo za mtandao, maana mtandaoni kila kitu huua. Nikaanza kusoma usiku huo nikidhani nitamaliza kwa dakika kumi. Ilikuwa kweli. Kisha nikaendelea kusoma, na kilichonikalia kichwani hadi leo si sumu. Ni mwanamke mmoja ambaye kila mtu anamtaja na hakuna anayejua anaitwa nani. Nitafika kwake. Kwanza mnyama mwenyewe.

Nitamwita konokono koni, kwa sababu ganda lake ni kama koni ya aiskrimu: pana juu, jembamba chini. Wako aina zaidi ya 700 duniani na wote wana sumu. Lile la shosho ni la Conus textile. Lakini baba yao wote kwa ubaya ni Conus geographus, anayefika sentimita kumi na zaidi, ambaye madoa ya ganda lake yanafanana na ramani, ndiyo maana akapewa jina hilo na Linnaeus mwaka 1758. Anaishi kuanzia Bahari ya Shamu, anashuka pwani yetu yote, anavuka hadi visiwa vya Pasifiki. Kwa hivyo si stori ya mbali. Ukienda kuogelea kwenye matumbawe ya Kenya, uko nyumbani kwake.

Jiulize: konokono anamshikaje samaki? Huyu ni mnyama ambaye akishindana mbio na kobe anaachwa. Wanasayansi wenyewe hawakuwa wameliandika vizuri hadi 1956, Mmarekani Alan Kohn alipochapisha kwamba ameona konokono hawa wakiwinda samaki hai na kuwameza wazima. Wanafanya hivi. Konokono wa kawaida ana ulimi wenye vijino vidogo vya kukwangulia chakula. Kwa konokono koni kila jino limegeuka kuwa chusa, refu, lenye uwazi ndani na ncha yenye vishikio, kama sindano ya hospitali iliyokutana na mshale. Anachukua jino moja, analipeleka kwenye ncha ya mkonga wake, analijaza sumu, analipiga. Akikosa au akipata, jino limetumika; anachukua lingine, maana ana ghala.

Geographus naye ana mtindo wake. Anatoka usiku, samaki wakiwa wamejificha kwenye mianya, anafungua mdomo wake ukatanuka kama wavu, na samaki wanaingia wenyewe kama walevi. Mwaka 2015 watafiti wakaonyesha sababu moja: kati ya vitu anavyomwaga majini kuna insulini, na ni insulini inayofanana na ya samaki, si ya konokono. Samaki sukari inashuka, nguvu zinaisha, hawezi kukimbia. Manze, huyu mdudu anawapiga samaki na upungufu wa sukari wa kutengenezwa. Kisha akishawafungia ndani ndipo anapowachoma mmoja mmoja.

Akichoma mtu, mara nyingi hata si uchungu mkali. Hapo ndipo hatari ilipo. Ganzi inaanza kidoleni, inapanda mkono, midomo, macho yanaona mbili mbili, sauti inapotea, halafu misuli ya kupumua inasahau kazi. Mnaweza kuwa mmekutana na ile stori kwamba anaitwa konokono wa sigara, ati akikuuma una muda wa kuvuta sigara moja tu. Hiyo ni chumvi. Waliokufa walichukua saa kadhaa, na hilo ni muhimu kujua, kwa sababu hakuna dawa ya kuua sumu hii lakini mtu akifikishwa hospitali mapema akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, sumu huisha mwilini na anaweza kupona. Vifo vilivyoandikwa duniani ni thelathini na kitu hivi, vingi vikiwa vya geographus. Si vingi. Lakini karibu kila aliyekufa alikuwa amefanya kosa lile lile: aliona ganda zuri akaliokota.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Huyu ndani hana hata huo mti.

Sasa twende Indonesia, miaka ya 1600.

Kuna visiwa vidogo vinaitwa Banda. Wakati huo kungumanga, hiyo hiyo mnayokwangua kwenye pilau na chai, ilikuwa inatoka huko tu duniani. Ulaya ilikuwa na bei ya wazimu. Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, VOC, ilitaka biashara yote iwe yake, na mwaka 1621 mkubwa wake Jan Pieterszoon Coen akaja na meli na askari. Watu wa Banda waliuawa, wakafa njaa milimani, wakauzwa, wachache wakatorokea visiwa vingine. Taifa zima lilikaribia kuisha kwa sababu ya kiungo. Kisha Wazungu wakagawiwa mashamba ya kungumanga, na kwa kuwa wenyeji hawakuwepo tena, wakaletewa watumwa kutoka sehemu mbalimbali za Asia kuyalima.

Kisiwa cha jirani, Ambon, aliishi mfanyakazi wa kampuni hiyo hiyo, Mjerumani Georg Eberhard Rumphius. Jamaa alipenda mimea na viumbe vya bahari kuliko biashara. Maisha yake yalikuwa mtihani. Mwaka 1670 akapofuka. Mwaka 1674 tetemeko la ardhi likamuua mke wake Susanna na binti yao. Mwaka 1687 moto ukateketeza michoro yake. Bado akaendelea, akiwasomesha watu kwa macho yao na yeye akitamka maandishi. Kitabu chake kuhusu maganda na vitu adimu vya Ambon kilitoka 1705, yeye akiwa amekufa miaka mitatu kabla.

Ndani ya kitabu hicho ndimo kuna kisa kinachotajwa kuwa cha kwanza kuandikwa cha mtu kuuawa na konokono koni. Ni mistari michache. Mtumwa wa kike huko Banda alikuwa kazini watu wakivuta juya, ule wavu wa kukokota hadi ufuoni. Akaona konokono, akamshika mkononi. Akitembea kuelekea nchi kavu akahisi mwasho kiganjani. Mwasho ukapanda mkono, ukaenea mwili mzima. Akafa.

Basi. Hayo ndiyo yote tunayojua kumhusu.

Karibu kila video na makala niliyoona kuhusu konokono huyu inamtaja kwa sekunde tatu, "mtumwa mmoja", kisha inakimbilia kwenye takwimu za sumu. Nami ningefanya hivyo, lakini kuna kitu kilinikwama. Rumphius hakuwa mtu asiyejali majina. Kazi yake yote ilikuwa majina: alipa majina mimea na viumbe vingi, akaandika wenyeji wanaviitaje, Kimalei, Kiambon. Kuna okidi nyeupe aliyoiita ua la Susanna, kwa jina la mke wake, kwa sababu yeye ndiye aliyemwonyesha. Hadi leo jina la kisayansi la ua hilo ni Pecteilis susannae. Huyo ni mtu aliyejua jinsi ya kumweka binadamu ndani ya historia kwa neno moja. Huyu wa Banda hakuwekwa. Tumejua mkono upi wa bahari ulimpa konokono, tumejua mwasho ulianzia wapi, hatujui hata alizaliwa nchi gani.

Simlaumu Rumphius sana. Angeweza kutomwandika kabisa, na pengine wengi walikufa hivyo hivyo bila mstari hata mmoja. Lakini fikiria alikuwa anafanya nini alipokufa. Hakuwa anakusanya maganda. Hakuwa kwenye likizo. Alikuwa anavuta wavu wa mtu mwingine, kwenye kisiwa kilichosafishwa watu ili wengine wapate faida ya kungumanga. Konokono alikuwa kitu cha mwisho tu kwenye orodha ndefu ya vitu vilivyokuwa vikimuua.

Na wakati huo huo, kule Ulaya, maganda yenyewe yalikuwa yamekuwa doo.

Siongei mchezo. Matajiri wa Amsterdam walikuwa na makabati kama la shosho, tofauti ni kwamba yao yaligharimu nyumba. Ganda adimu la konokono koni lilikuwa kama saa ya bei kali leo: unainunua ili watu wajue unayo. Rumphius mwenyewe mkusanyo wake ulinunuliwa mwaka 1682 na mtawala wa Toscana, Italia, Cosimo III wa ukoo wa Medici. Mfano ambao huwa narudia kila mahali ni wa Pierre Lyonet, mkusanyaji wa Uholanzi. Alipokufa 1789 mali yake ikapigwa mnada miaka iliyofuata. Mchoro wa Vermeer, ule wa mwanamke wa nguo ya buluu anayesoma barua, ulienda kwa gulden 43. Ganda moja la Conus cedonulli, kitu cha kujaa kiganjani, likaenda kwa zaidi ya gulden 240. Leo ule mchoro uko Rijksmuseum, Amsterdam, na watu wanapanga foleni kuuona. Ganda lingine maarufu, Conus gloriamaris, lilikuwa adimu kiasi kwamba husimuliwa tajiri mmoja aliyekuwa nalo akanunua la pili mnadani na kulipondaponda palepale, ili lake libaki peke yake. Huenda ni hadithi tu. Lakini watu waliiamini, na hiyo inatosha kukuonyesha akili zilikuwa wapi.

Kabla hatujawacheka sana Wazungu, pwani yetu nayo haikuwa nje ya biashara ya maganda. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Kijerumani walibeba kauri kutoka Zanzibar shehena kwa shehena, wakaenda kuzitumia kama pesa Afrika Magharibi, hadi kauri zikajaa mno zikapoteza thamani. Mfumuko wa bei wa maganda, jameni.

Nirudi kwa konokono. Kwa zaidi ya miaka 200 baada ya Rumphius, kilichowashughulisha watu wengi kilikuwa ganda. Mnyama wa ndani alikuwa uchafu wa kutoa. Mwaka 1935 kijana wa miaka 27, mwenye afya na misuli, akaokota geographus katika kisiwa cha Hayman, Australia, akafa saa chache baadaye, na kisa chake kikaandikwa kwa kina na madaktari: alihisi nini dakika gani, miguu ilikufa saa ngapi. Yeye hakuachwa kuwa mstari mmoja.

Aliyebadilisha mambo alitoka Ufilipino, na hapa ndipo nawaomba msikilize kama mko chuo, au mko nyumbani mkidhani hamwezi kuanza kitu kwa sababu hamna vifaa.

Baldomero Olivera alizaliwa Manila 1941. Alienda Marekani, akasoma Caltech, akafanya utafiti Stanford, na alikuwa miongoni mwa waliogundua kimeng'enya kinachounganisha vipande vya DNA. Hiyo ni kazi ya vitabu vya shule. Kisha akarudi kwao, Chuo Kikuu cha Ufilipino, akakuta maabara haina kitu. Utafiti wake wa DNA haungewezekana pale. Angeweza kulia, angeweza kupanda ndege ya kurudi. Akajiuliza swali rahisi: ni kitu gani kiko hapa, kingi, na mimi nakijua? Alipokuwa mtoto alikusanya maganda. Alijua konokono koni huua. Hakuna aliyejua vizuri anauaje. Wavuvi wangewaleta.

Yeye na mwenzake Lourdes Cruz, mwanakemia wa huko huko, wakaanza na vifaa vya kuchekesha. Walitenganisha sumu ya geographus vipande vipande, wakamdunga panya kila kipande, wakamning'iniza kwenye wavu wa waya kichwa chini. Akianguka, kipande hicho kinapoozesha. Hiyo ndiyo ilikuwa mashine. Wakapata kitu kinachofanya kazi kama sumu ya fira, na kwa kweli wakavunjika moyo kidogo, kwa sababu sumu ya nyoka ilikuwa tayari inajulikana.

Baadaye Olivera akahamia Chuo Kikuu cha Utah, na huko mwanafunzi wa shahada ya kwanza, Craig Clark, kijana ambaye hajamaliza hata digrii, akasema: kwa nini tusidunge moja kwa moja kwenye ubongo? Wakadunga. Kila kipande kikatoa sinema yake. Panya mmoja akalala. Mwingine akatetemeka. Mwingine akazunguka duara. Mwingine akapanda ukuta. Kumbe sumu si kitu kimoja, ni zaidi ya vitu mia moja tofauti ndani ya konokono mmoja, kila kimoja kikiwa na ufunguo wa mlango wake kwenye mishipa ya fahamu. Kile cha kulaza wakakiita conantokin, kutoka neno la Kifilipino antok, usingizi. Napenda sana hiyo. Lugha ya nyumbani imeingia kwenye kemia ya dunia na haikuomba ruhusa.

Mwanafunzi mwingine, Michael McIntosh, aliyekuwa ametoka tu sekondari, akapata kipande kutoka Conus magus kinachozima njia ambayo neva za uti wa mgongo hutumia kupitisha taarifa ya maumivu. Kikatengenezwa upya maabara, kikaitwa zikonotaidi, na Desemba 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikakikubali kuwa dawa, kwa jina la Prialt. Ni ya watu wenye maumivu makali ya kudumu ambao dawa nyingine zimeshindwa. Haimfanyi mtu awe mteja kama mofini inavyoweza. Si muujiza: lazima ipitishwe kwa pampu hadi kwenye maji ya uti wa mgongo, ni ghali, na inaweza kumvuruga mtu akili. Lakini kuna mgonjwa mahali fulani anayelala usiku kwa sababu ya konokono.

Mambo haya yote yalianza kwa mtu kukosa vifaa na kuangalia bahari ya kwao. Nasisitiza kwa sababu sisi tuna bahari hiyo hiyo na konokono hao hao. Tuna mbuga za baharini za Malindi na Watamu tangu 1968, ambako kuokota maganda ni marufuku. Na tumeshaona kinachotokea wengine wakiangalia kwanza. Miaka ya 90 watafiti wa kigeni walichukua vijidudu kutoka Ziwa Bogoria, vimeng'enya vyao vikaishia kwenye sabuni na kwenye kufifisha jeans, na kufikia 2004 shirika la wanyamapori, KWS, lilikuwa likidai kwamba Kenya haikupewa haki yake. Leo kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaipa serikali jukumu la kulinda rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jamii kuzihusu. Kwenye karatasi tuko poa. Nataka tu kujua ni nani Kilifi au Kwale saa hii ana panya, wavu wa waya na swali.

Tafadhali, hata ukiwa na swali, usimwokote kwa mkono. Mkonga wake hufika karibu kila upande wa ganda, na chusa lake linaweza kupita kitambaa. Ukimwona hai, mpige picha, mwache.

Pasaka nilirudi Murang'a. Nikamwonyesha shosho video ya textile akiwinda. Akaitazama mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kama lile la kabatini limekufa kweli. Nikamwambia lina miaka arobaini hapo, shosho, limekufa. "Na nyinyi mlikuwa mnaliweka masikioni," akasema, akacheka hadi akakaa.

Nikamwambia nataka kuandika kikaratasi cha kuweka kando yake, kama makumbusho. Jina la konokono. Mombasa. Jina la babu. Mwaka akaukumbuka, ndio mwaka mjomba wangu alizaliwa. Nikamuuliza babu alilipata vipi, kwa maana babu hakuwa mtu wa kuogelea. Akasema alilinunua kwa kijana fulani ufuoni, mmoja wa wale waliokuwa wakizamia na kuuza.

"Kijana gani? Alikuwa anaitwaje?"

"Sasa hiyo, mjukuu, nani angemuuliza?"

Kikaratasi kiko kabatini. Huo mstari nimeuacha wazi.